Nta ya Malogo na Neno Ghushi

Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuna nta. Chekeni tu, vijana. Hata marehemu mama yangu kule Kolo alicheka nilipomweleza, akauliza kama huko mjini wamekosa ng'ombe wa kucheua. Lakini ndiyo kazi iliyonilisha tangu nilipofiwa na mume wangu mpaka meno yenyewe yalipoanza kunikimbia.

Aliyenifundisha ni Mzee Salimu, mfanyabiashara mtu wa Pangani, aliyekuwa na ghala la nta pale Kondoa. Watu walirina asali porini, wakakamua masega, wakayayeyusha na kutuletea nta imeganda kama mikate. Sisi tuliikagua, tukaiyeyusha upya, tukaichuja na kuipeleka pwani. Wazungu walikuwa wanaifanyia nini sikupata kujua kwa hakika. Wengine walisema mishumaa, wengine walisema dawa ya viatu. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, Mzee Salimu alihamisha ghala lake, akalijenga karibu na stesheni, nami nikahama naye.

Nta nzuri unaijua hivi. Kwanza ivunje: mahali ilipovunjika pawe na chengachenga, pasing'ae. Halafu ikwaruze kwa ukucha, kisha ifumbate kiganjani mpaka ipate joto. Ikilainika bila kukuachia mafuta mkononi, hiyo imeanza kukuambia kweli. Mwisho itafune. Nta safi haishiki menoni. Iliyochanganywa na unga inanata kama ugali uliolala, na yenye mafuta ya kondoo inateleza, kisha inakuachia utando kaakaani mpaka jioni chai yote ina ladha ya kondoo. Waliotia mawe ndani walikuwa na dawa yao: msumari uliopashwa moto, unausukuma katikati ya mkate. Ukigota, umempata.

Sasa lile neno. Siku zangu za kwanza Kondoa, Mzee Salimu alikuwa akivunja mkate, ananusa, anasema, "Hii imeghushiwa," anausukuma pembeni. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza. Sisi Warangi wa milimani tulikipata sokoni. Nikafikiri ghushi ni kitu, labda aina fulani ya mafuta ambayo watu wabaya wanayo nyumbani kwao ndani ya kibuyu. Miezi mizima niliamini hivyo. Mpaka siku moja nikamwuliza muuzaji mbele za watu, kwa sauti ya mtaalamu, "Ghushi yako hii ni ya kondoo au ya mbuzi?"

Mzee Salimu alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Akasema, "Bi Zaina, wewe utaniua." Lakini siku ile wauzaji walikuwa wengi, foleni imefika nje, hakunieleza. Nami kwa aibu sikumwuliza tena. Nilijua tu kwamba ukilitamka neno hilo, mwenye nta anaondoka amenuna. Ilinitosha. Niliendelea kulitumia miaka kadhaa, kama mtu anavyotumia kisu ambacho hakukinoa yeye.

Tulipokuwa Dodoma, pwani walianza kulalamika. Mikate mingi ya nta ilikutwa na mawe, mingine na mchanga. Bomani wakatoa amri: atakayekamatwa na nta ya kughushi atapigwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, kisha atafungwa mnyororo abebe mawe ya barabara. Siku za soko askari alisimama nje ya kila ghala.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Fikirini: mtu ambaye kazi yake ni kutafuna, naye amefunga. Mzee Salimu alikuwa ameniambia, "Mwezi huu kagua kwa jicho na mkono. Ikikutia shaka, weka kando, tutaitafuna baada ya futari." Nikasema sawa.

Siku hiyo jua la Dodoma lilikuwa halina huruma, na vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye kope. Akaja mzee mmoja wa Kigogo kutoka Zuzu. Jina lake Malogo. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka lililofifia, masikio yametobolewa. Mzigo wake aliubeba mwenyewe begani. Alipoushusha na kuufungua, nikaona nta nyeusi. Si ile ya manjano wala ya hudhurungi tuliyoizoea. Nyeusi kama chungu cha zamani, na ilikuwa na harufu ya ajabu, chungu chungu, kama ngozi mbichi.

Nilipaswa kuiweka kando. Lakini koo lilikuwa limekauka, foleni ndefu, kichwa kinagonga. Nikaivunja, nikainusa mara moja, nikaisukuma.

"Imeghushiwa hii!" nikasema kwa nguvu.

Askari akageuka. Kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshamshika mzee yule mkono. Malogo hakubisha. Alinitazama mimi, akatazama nta yake, akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Mama, kuna nini?"

Nilikuwa nimeshashika mkate wa mtu mwingine.

Yaliyotokea bomani nilisimuliwa na waliokuwapo. Bwana shauri, yule Mjerumani aliyekuwa akisikiliza kesi, alikaa mezani. Mkalimani wake, Bwana Faraji, mtu wa pwani, akamwuliza mzee, "Wewe Malogo, umeghushi nta hii?"

Malogo akasema, "Ndiyo, Bwana."

"Umeghushi wewe mwenyewe, au kuna mtu amekusaidia?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu." Kisha akaongeza, "Nimeghushi vizuri sana. Siku mbili."

Watu wakacheka. Bwana Faraji akatafsiri, Bwana shauri akaandika. Mtu amekiri mwenyewe, tena anajisifu; hapo unataka ushahidi gani? Hukumu ikawa kiboko, kisha mnyororo miezi sita. Ila Bwana shauri alikuwa anaondoka kesho yake kukagua njia, na kiboko hakipigwi bila yeye kuwapo. Basi Malogo akatiwa mnyororo, akawekwa ndani kumsubiri arudi siku ya nne.

Siku ya pili alikuja mkewe. Aliitwa Matika. Alikuwa ametembea kutoka Zuzu na kibuyu cha maziwa ambacho askari walikataa kukipokea. Alisimama mlangoni pa ghala letu mpaka watu wakapungua, ndipo akaingia. Akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikaitikia. Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni.

"Mama, lile neno ulilomwambia mume wangu ni nini?"

"Neno gani?"

"Lile la nta. Ghushi. Amenipigia kelele dirishani akasema, nenda kaulize, nimefungwa kwa sababu ya neno. Yeye alidhani ni kuyeyusha. Si ndiyo kazi mnayofanya hapa? Walipomwuliza kama ameyeyusha, akasema ndiyo. Ni kweli aliyeyusha, siku mbili. Kuni nilikata mimi."

Nikafungua mdomo nimweleze. Nilijua kulitamka tu. Nilisema, "Ni... nta kuwa mbaya." Yule mama akaniangalia, akasema polepole, "Mtu anafungwa mnyororo kwa sababu nta ni mbaya? Basi na mwenye mtama mbaya afungwe."

Nikamwuliza kwa nini nta yao ni nyeusi. Akasema chungu chao kikubwa kilipasuka, wakaazima cha jirani, na jirani huyo hukitumia kuchemshia magome ya kulainishia ngozi. Walikisugua kwa mchanga wakadhani kimetakata. Ndiyo ile harufu. Hakuna kondoo, hakuna unga. Chungu tu.

Nilimpeleka Matika kwa mke wa Mzee Salimu ampe mahali pa kupumzika, nikaenda moja kwa moja kwa mzee mwenyewe. Alikuwa kibarazani na tasbihi yake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Bi Zaina. Mbona uso umekupauka? Ni saumu?"

"Mzee, ghushi ni nini?"

Akatabasamu, akakumbuka kondoo na mbuzi. Alipoona sicheki, akaiweka tasbihi chini. Akaniambia neno hilo ni la Kiarabu, lilikuja pwani pamoja na biashara na vitabu vya dini. Alipokuwa mdogo chuoni akisoma Kurani, mwalimu wake aliwaeleza habari ya mtu mwenye lundo la nafaka sokoni. Juu kavu, inang'aa. Ukiingiza mkono ndani, imelowa. Hiyo ndiyo ghushi.

"Sasa angalia," akasema. "Mvua imenyesha, nafaka imelowa. Hiyo bado si ghushi, ni mvua. Kosa linaanza pale alipochukua kavu akaifunika juu ili mnunuzi asione. Ghushi ni kumficha mtu kitu ambacho angekijua asingenunua. Bila kuficha, hakuna ghushi. Kuna uchafu, kuna ubovu, kuna bahati mbaya."

"Na mtu akileta nta nyeusi, akaifungua mbele yako, nyeusi juu na nyeusi ndani?"

Mzee Salimu akanitazama usoni. Alikuwa ameshaelewa.

"Mzee, nimemfungisha mtu kwa neno nisilolijua. Naye amekiri kwa neno asilolijua. Nataka kwenda bomani."

Sitawaficha, aliogopa. Alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na ghala, watoto, na leseni iliyotoka kwenye boma lile lile. Akasema, "Ukienda kusema umekosea, nani ataamini tena ulimi wako? Watasema kwa Salimu hawajui nta. Na Bwana shauri hapendi kufuta alichokwisha kuandika."

Nikasema, "Najua."

Akanyoosha mikunjo ya kanzu yake. Kisha akainuka, akaenda stoo. Nilidhani amekasirika. Akarudi amekumbatia sufuria letu kubwa la shaba, la kuyeyushia nta.

"Chukua hili," akasema. "Lile dogo halitatosha. Na chukua ndimu."

Siku ya nne tulikwenda watatu: mimi, Mzee Salimu na Matika. Askari wa mlangoni alipoona sufuria alidhani tunapeleka pilau. Tulimsubiri Bwana shauri mpaka akatoka, ana masharubu makubwa, uso mwekundu kwa jua la safari. Kiboko kilikuwa kimeshawekwa mezani. Malogo alisimama uani na wenzake wawili wa mnyororo. Alikuwa amekonda kwa siku nne kama mtu wa mwezi mzima.

Nilimwambia Bwana Faraji maneno yote: kwamba mimi ndiye niliyesema imeghushiwa, kwamba nilisema kwa jicho bila kutafuna, kwamba mzee hakulielewa swali. Bwana Faraji akanong'ona, "Bi Zaina, unataka nimwambie bwana mkubwa kwamba nilimwuliza mtu swali asilolielewa?"

"Nataka umwulize tena. Usitumie lile neno. Mwulize kwa maneno ya kawaida."

Namshukuru mpaka leo. Angeweza kukataa, maana lilikuwa kosa lake pia. Alijifuta jasho, akamgeukia Malogo. "Mzee, ndani ya nta hii ulitia kitu kingine ili watu wasione? Unga, mafuta, mawe?"

Malogo alishtuka kama amemwagiwa maji. "Nitie mawe? Kwa nini? Nyuki wenyewe wanatosha kunisumbua."

Bwana shauri akauliza, sasa mbona siku ile ndiyo na leo hapana? Mabishano yakaanza. Ndipo nikasema, "Maneno yametuponza. Tuchemshe."

Sijui Bwana Faraji alitafsiri vipi, lakini mafiga yakatengenezwa pale pale uani. Maji, ndimu mbili za kutakatisha, nta nyeusi ya Malogo. Nawaelezeni, vijana, huo moto ulikuwa mrefu. Nta haiharakishwi, ukiunguza umeiua. Iliyeyuka polepole, ikapanda juu, na maji chini yakaanza kubadilika rangi, yakawa kama chai ya rangi, kisha kama kahawa. Tukaichuja kwa kipande cha kaniki, tukamwaga maji machafu, tukarudia. Mara ya tatu ilipoganda ikatoka ya manjano iliyokolea. Chini hakukuwa na mchanga, na kwenye kitambaa hapakuwa na unga. Palikuwa na mabawa mawili matatu ya nyuki.

Bwana shauri akasema, na mafuta je? Atajuaje hakuna mafuta ya kondoo?

"Itafunwe," nikasema.

"Tafuna."

"Nimefunga, Bwana."

Akamtazama Mzee Salimu, amefunga. Akamtazama Bwana Faraji, amefunga. Askari aliyekuwa karibu naye amefunga. Basi Bwana shauri mwenyewe akachukua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna. Masharubu yalipanda na kushuka. Ua mzima ulimtazama, hata wafungwa. Mimi nilikuwa nikimwangalia taya, kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi, nikamwambia atumie meno ya nyuma. Bwana Faraji akatafsiri kabla hajajizuia.

Alitafuna sana. Kisha akatema mkononi, akakitazama, akasema kitu kifupi. Bwana Faraji akapumua kwa nguvu. "Anasema haishiki. Anasema mzee afunguliwe. Na anasema mama wa nta, siku nyingine, atafune kwanza halafu ndipo aseme."

Malogo alipotolewa mnyororo hakunitazama. Matika alimpa maziwa, akayanywa yote pale pale, wakachukua nta yao wakaondoka. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Nilifuturu siku hiyo bila kujua nakula nini.

Baada ya miezi miwili alirudi, amebeba nta mpya ya manjano. Nilisimama, nikamwomba radhi mbele ya watu wote waliokuwa ghalani, kama nilivyomwaibisha mbele ya watu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulikuja na sufuria. Nilikuona." Kisha akafungua mzigo wake.

Mzee Salimu akamwomba akae nasi siku za soko, awaeleze Wagogo wenzake kwa lugha yao kile tunachokikagua na kwa nini. Alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo likawa sheria ya ghala: neno ghushi halitamkwi kabla maji hayajachemka. Tulikaa kazi moja miaka mingi. Mimi nikajifunza Kigogo chake, yeye akajifunza kutafuna. Alikuja kunishinda.

Bwana Faraji naye alibadilika. Alikuwa akipita ghalani kuuliza maneno. Siku moja alituletea kichekesho: bomani wamemkamata mtu ana cheti cha safari, muhuri wake ameuchonga kwa kiazi. Tai wa Mjerumani, yule ndege wa muhuri wao, ametoka kama kuku anayeatamia. Akatuuliza, huyu tuseme amefanya nini? Malogo akasema neno letu linamfaa kabisa, maana ameficha. Mimi nikasema kile kiazi chenyewe ni bandia tu, kama watoto wa bandia tuliowafunga kwa matambara utotoni. Yule mtoto wa matambara hakumdanganya mtu. Kila aliyemwona alijua ni mchezo. Kiazi kilipogonga karatasi ili askari adanganyike, hapo ndipo ikawa ghushi. Bwana Faraji alifikiri, akaenda kutafsiri hivyo hivyo. Kwa masikio yangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza neno la sokoni kutumika kwa karatasi ya uongo. Leo nyinyi mnalisikia kwenye karatasi tu, hamjui kwamba limeanzia kwenye nafaka na samli na nta.

Niwamalizie na mama mmoja wa Makutupora. Alikuja siku ya soko kubwa, mara yake ya kwanza, na nta yenye mchanga, ukiikwaruza unasikia. Karani mmoja mgeni kutoka pwani, aliyekuwa amekuja kusimamia shehena, akaruka, "Ghushi! Mwiteni askari!" Yule mama akakaa chini pale pale.

Malogo akaweka kisu chake mezani. Akamwambia karani kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kimenyooka, "Bwana, neno hilo hapa lina zamu yake. Kaa. Maji bado."

Karani akatutazama wote, hakuna aliyemwunga mkono. Akakaa. Nikabandika sufuria. Tulipochuja ukatoka mchanga wa vidole viwili, na mama akaeleza kwamba huficha masega shimoni ili panya wasiyale. Malogo akamwonyesha namna ya kuyatundika darini, nami nikamwonyesha kaniki na jinsi ya kuikunja mara mbili. Akaenda zake na nta nusu ya aliyokuja nayo, lakini hana deni la aibu kwa mtu.

Msimu uliofuata tulikuwa ndani, mimi na Malogo, tukibishana juu ya kuni. Tukasikia vicheko nje. Alikuwa ni yule mama, amekuja na wenzake wanne, kila mmoja na mzigo kichwani. Hata hajafika mlangoni akapaza sauti ghala zima likasikia:

"Chemsheni maji! Tumekuja!"